Ndiyo, tumechukua mbwa

Sisi huku Leeds wazima, ila baridi ndiyo imeanza kuuma. Nimekuwa kimya muda mrefu, si kwa ubaya, ni zamu za usiku tu zimebana. Lakini tangu baba watoto aweke ile picha kwenye grupu la familia, simu yangu haijapumzika. Mama ameuliza kama tumekosa watu wa kuishi nao. Mjomba wa Korogwe ameuliza mbwa mwembamba vile ana ugonjwa gani. Na mdogo wangu, ambaye mdomo wake mnaujua, ameandika, "Dada, sasa uzungu umekamilika." Basi leo nipo off, nimekaa niwajibu wote kwa pamoja, maana nikimjibu mmoja mmoja nitamaliza bando na uvumilivu.

Kwanza tuelewane. Mbwa wa kwetu na mbwa wa huku wana ajira tofauti kabisa. Kule Muheza, Simba wetu alikuwa mfanyakazi. Alilala nje, alikula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, akafukuza ngedere kwenye mahindi na kubweka mtu akipita usiku. Hakuna aliyekaa kumchagua. Alizaliwa kwa jirani, tukapewa, basi. Na tulimwogopa kidogo, kwa sababu kichaa cha mbwa kwetu si hadithi. (Mimi nesi, siwezi kupita hapa kimya. Mtu aking'atwa na mbwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Si kesho. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Shangazi, waambie na majirani.) Hapa Uingereza ugonjwa huo ulikwisha kwa mbwa wa nchini tangu mwaka 1922, ndiyo maana mnaona watu wanalala nao kitanda kimoja bila wasiwasi. Mimi kitanda kimoja hapana, tusifike huko.

Sasa, kwa nini mbwa? Sababu ni kijana wetu. Mnakumbuka alipokuwa na miaka 6 akalazwa kwa pumu, siku nne kwenye oksijeni, Mama ukawa unapiga simu kila baada ya saa moja. Sasa ana miaka 10. Pumu imetulia kwa inhela zake za asubuhi na jioni, lakini ile siku haikumtoka mtoto. Akawa mtoto wa kukaa dirishani. Wenzake wanacheza mpira nje, yeye anahesabu pumzi zake. Daktari anamwambia kutembea na kukimbia ni kuzuri kwake ikiwa dawa anatumia vizuri, yeye anaitikia kwa kichwa halafu anarudi kwenye tableti. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa nje bila kusukumwa: mbwa wa watu wanaopita barabarani. Ameomba mbwa kwa miaka miwili. Ana daftari lenye picha na majina.

Lakini mbwa na pumu! Mimi usiku kucha nahesabu pumzi za wagonjwa wodini, nikirudi asubuhi kitu cha kwanza nafungua mlango wa chumba cha mtoto nisikilize kifua chake. Kwa hiyo swali langu halikuwa mbwa gani mzuri. Lilikuwa je, mwanangu atapumua?

Tulianzia kliniki ya mzio, si kwa muuza mbwa. Wakamchoma vile vitone kwenye mkono wanavyopima aleji. Ngozi ikavimba penye wadudu wa vumbi na penye chavua ya nyasi. Penye mbwa, kimya. Daktari akasema hiyo ni habari njema lakini si cheti cha maisha, mzio unaweza kuja baadaye, na inabidi mtoto akae na mbwa halisi, si na kipimo. Akatushauri tumtembelee mbwa mara kadhaa kabla ya kuamua, na mbwa asiingie chumba cha kulala hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoijua biashara ya mbwa wa huku, na jamani, ni soko kama masoko mengine. Mbwa wana makabila, na kila kabila lina watu wake, bei yake na magonjwa yake. Kuna chama kinaitwa Kennel Club, cha tangu mwaka 1873, kinaandikisha ukoo wa mbwa mpaka mababu. Mimi babu yangu wa nne simjui jina, lakini kuna Labrador mtaani kwetu anayejulikana mpaka wa sita.

Mtu wa kwanza tuliyemwendea alikuwa mama mmoja anayeuza hawa wenye manyoya ya kusokota, waliochanganywa Labrador na Poodle. Kila mtu mwenye mzio huku anaambiwa achukue hao. Yule mama aliposikia neno pumu uso ukamng'aa. "Hawa hawasababishi mzio kabisa," akasema. Pauni 1,800. Piga hesabu yako mwenyewe, inavuka shilingi milioni 5 kwa urahisi.

Sasa mimi ni nesi, na maneno "kabisa" na "kamwe" huwa yananisimamisha. Kinachowasumbua wenye mzio si manyoya yenyewe. Ni protini zilizo kwenye mate, kwenye magamba madogo ya ngozi na kwenye mkojo wa mbwa, na kila mbwa ana mate na ngozi. Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 uliopima protini hiyo kwa mbwa wanaosifiwa kuwa salama na kwa wengine wa kawaida. Kwenye manyoya ya wale wa kusifiwa ilikutwa nyingi zaidi, na kwenye hewa ya nyumba hapakuwa na tofauti. Hata mwanzo wa mchanganyiko huu una fundisho lake. Mwaka 1989 huko Australia, bwana mmoja anaitwa Wally Conron, aliyekuwa anazalisha mbwa wa kuongoza vipofu, aliombwa mbwa na mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mume wake alikuwa na mzio. Akachanganya Labrador na Poodle, wakazaliwa watoto watatu, akatuma sampuli za manyoya na mate. Kati ya watatu ni mmoja tu aliyefaa! Mmoja. Ndugu wawili wa tumbo lilelile walishindwa. Mwaka 2019 Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuchanganya mbwa ovyo wapate hela.

Nikamuuliza yule mama, mama mzazi wa hawa watoto yuko wapi nimwone? Akajibu yuko kwa dada yake, amechoka. Nikamwambia tutarudi akishapumzika. Baba watoto alikuwa ameshatoa kadi ya benki mfukoni, nikamkanyaga mguu.

Kisa cha kumuuliza mama ni hiki. Hapa England kuna sheria tangu Aprili 2020 inaitwa Sheria ya Lucy. Lucy alikuwa mbwa mdogo wa aina ya Cavalier, aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka kiwanda cha kuzalisha mbwa huko Wales. Ndiyo, kiwanda. Alikuwa amezalishwa mfululizo ndani ya kizimba mpaka uti wa mgongo ukapinda na nyonga zikakakamaa. Sheria inasema duka au dalali haruhusiwi kukuuzia mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Unanunua kwa aliyemzalisha mwenyewe, mahali alipozaliwa, ukimwona na mama yake. Au unachukua kwenye vituo vya mbwa waliookolewa. Mtoto asiondoke kwa mama kabla ya wiki 8, awe ameshawekewa chipu, na anayezalisha uzao wa tatu ndani ya mwaka mmoja lazima awe na leseni ya halmashauri, tena yenye nyota kama hoteli. Kwa hiyo ukiambiwa mama amechoka, ujue kuna kitu.

Wa pili alikuwa wa namna nyingine kabisa. Mama mtu mzima, ana shamba nje ya mji, anazalisha Labrador uzao mmoja kwa mwaka na mwaka mwingine hazalishi. Alitupa chai, akamleta mama mbwa akalala miguuni kwa kijana, halafu akaweka faili mezani. Faili, jamani, kama la mgonjwa! Picha za eksirei za nyonga na alama zake. Huku wanazipa nyonga mbili alama kutoka 0 mpaka 106, na kadiri zinavyokuwa chache ndivyo nyonga zilivyo nzuri. Viwiko navyo vimepimwa, macho, vinasaba. Nilisoma lile faili kwa raha mpaka baba watoto akakohoa.

Kisha akaanza kutuuliza yeye. Mnafanya kazi saa ngapi? Nani yuko nyumbani mchana? Ua una urefu gani? Mtoto akishikwa na pumu usiku, mbwa anaachiwa nani? Nilihisi niko dirisha la viza. Mwisho akasema kwa upole kwamba mbwa wake anataka kutembea saa mbili kwa siku, mvua au theluji, na kwamba mtoto wa mbwa kwa mama anayefanya zamu za saa kumi na mbili ni kuwatesa wote. Kama bado tunataka, orodha yake ni ya mwaka ujao. Hakutaka hata senti ya kishika nafasi. Akaongeza kwamba Labrador ni walafi, na si utani. Watafiti wa Cambridge mwaka 2016 walikuta takriban mmoja kati ya wanne ana hitilafu ya kinasaba inayofanya asihisi kushiba. Nikawaza baadhi yenu, majina nayahifadhi.

Yule mama nilimheshimu sana. Ni yeye pekee aliyekataa hela yetu.

Baba watoto yeye alikuwa na wake moyoni, French Bulldog, kale kenye masikio ya popo na pua iliyobonyea. Dereva mwenzake wa basi anaye. Tukaenda kumwona. Kadogo, kazuri, kanarukaruka, mtoto anacheka. Kakakimbia mara mbili kuzunguka meza, kakasimama kupumua, na mimi nikaisikia. Ni ile sauti ya mgonjwa wa saa tisa usiku ambaye njia ya hewa imebana, unamwinua mto kabla hujatazama mashine. Mwenye mbwa anasema, "Hivyo ndivyo wanavyokoroma, si anachekesha?" Nikatabasamu tu. Mbwa hawa wamechaguliwa sura fupi kizazi baada ya kizazi mpaka nyama za ndani ya koo hazina pa kukaa. Chuo Kikuu cha Cambridge na Kennel Club wana kipimo: mbwa anakimbizwa dakika tatu, anasikilizwa kwa stetoskopu, anapewa daraja 0 mpaka 3. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya uzao wa French Bulldog hapa unatoka kwa upasuaji, kwa sababu kichwa hakipiti. Njiani kurudi nilimwambia mume wangu kwamba sauti ile nalipwa kuisikiliza kazini, siwezi kuinunua nije kuisikiliza sebuleni, tena kwenye nyumba yenye mtoto wa pumu. Alinyamaza mpaka taa nyekundu ya tatu, kisha akasema sawa.

Mjomba, wewe ulishauri tuchukue jibwa kali la ulinzi. Huku hilo lina polisi ndani yake. Tangu mwaka 1991 kuna sheria ya mbwa hatari, Pit Bull na wenzake watatu walipigwa marufuku, na tangu Februari 2024 kumiliki XL Bully bila cheti maalumu ni kosa la jinai. Mwizi wa huku anaiba baiskeli tu, tutafunga mnyororo.

Kuna mmoja alinigusa moyo, na mtacheka. Anaitwa Basenji. Mdogo, masikio wima, mkia umejikunja kama kitumbua kilichoshindwa, habweki bali anatoa sauti kama anaimba. Nilipomwona picha nikasema, huyu si Simba wetu! Na kweli ni jamaa yake kwa mbali. Waingereza waliwatoa Kongo miaka ya 1930, wakawaonyesha kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937, leo wana vyeti vya ukoo na bei ndefu. Yaani mbwa wa kijijini, anayekula kilichobaki na kulala jikoni, akivuka bahari anakuwa mheshimiwa. Sisi manesi tukivuka bahari tunaanza kwa kufanya mitihani upya. Lakini Basenji ni wachache hapa, ni watundu mno, na ukoo wao una ugonjwa wa figo unaotakiwa kupimwa kwa wazazi. Tukamwacha kwenye daftari la kijana.

Aliyetuelekeza kwa huyu mnayemwona ni mgonjwa, mzee mmoja aliyekuwa akinisimulia mashindano ya mbwa ya zamani. Mbio za Greyhound zilianza hapa Uingereza mwaka 1926 kule Belle Vue, Manchester. Mbwa anakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa kufuata sungura wa bandia. Akifika miaka mitatu, minne, mitano, anastaafu. Kisha? Wengi wanahitaji nyumba, na kuna mashirika ya hisani yanayowatafutia. Mzee akaniambia, "Nesi, hao ni kama wewe. Wanakimbia kidogo halafu wanalala mchana kutwa." Nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Greyhound anatosheka na matembezi mawili mafupi na mengine analala. Mimi nikitoka zamu nalala mchana, naye analala mchana. Usiku nikiwa kazini baba watoto yupo. Mtu mzima wa miaka minne haharibu viatu kama mtoto wa mbwa, na afya yake unaiona, huibahatishi. Manyoya mafupi, lakini sikujidanganya kwamba hana mzio, ana mate kama wenzake. Na Mjomba, wembamba ule ni umbo lake, ni mwanariadha. Tena damu yake ina chembe nyekundu nyingi kuliko za mbwa wengine, ndiyo maana Greyhound wanapendwa sana kama wachangiaji damu kwa mbwa wagonjwa. Kasoro zake? Baridi inampata haraka, lazima avae koti. Akiona paka au sungura hasikii la mtu, kwa hiyo kamba haimtoki barabarani. Usingizi wa upasuaji unataka daktari anayewajua.

Tulikwenda kumtembelea mara nne, Jumamosi nne mfululizo. Nilimbebea kijana kile kibomba cha kupimia nguvu ya pumzi. Anapuliza kabla ya kuingia, anapuliza baada ya saa moja, anapuliza jioni, anapuliza asubuhi yake. Kawaida yake ni 280. Jumamosi ya kwanza 280, kisha 275. Ya pili 285. Ya tatu ilikuwa 260 na mimi usiku ule sikulala, nilikaa kwenye zulia la chumba chake na tochi. Asubuhi 280, alikuwa na mafua tu, darasa zima lilikuwa nayo. Ya nne 290. Chati nilimpelekea daktari wake, akaitazama muda mrefu, akasema, "Kama ningekuwa wewe, ningejaribu." Shirika nalo wakaja kukagua nyumba na ua, wakatuambia kwa maandishi kwamba mtoto akizidiwa mbwa anarudi kwao siku yoyote, bila maswali. Hilo ndilo lililonifanya nisaini.

Amekuja na jina lake la mbio, refu kama la meli. Kijana amemwita Ngedere, akisema ni kwa heshima ya Muheza. Jike, miaka minne, mweusi na kifua cheupe, masikio yana namba zilizochorwa ndani.

Shangazi, najua la kwako hukuliandika lakini nimelisikia. Chumba cha wageni mbwa haingii, kina mlango unaofungwa, mswala wako uko kabatini kwenye mfuko, na bafu la juu ni lako peke yako. Ukija mwezi wa sita utaswali bila kunawa mara saba kwa ajili ya mbwa wangu. Nimeshamwambia kila mtu humu ndani.

Na la hela, kwa sababu najua mnanong'ona. Mchango tuliotoa kwa shirika haukufika robo ya bei ya yule mama wa manyoya ya kusokota. Chakula, bima na chanjo vinatoka kwenye zamu moja ya ziada kwa mwezi, ambayo nilikuwa naifanya tayari. Hakuna ada ya mtu iliyopunguzwa.

Sasa ni wiki ya saba. Kibomba bado tunapuliza asubuhi na jioni, jana ilikuwa 290. Jioni baada ya shule wanatoka wote watatu, baba, mtoto na mbwa, na juzi kijana alirudi analalamika kwamba baba yake anatembea polepole. Kuhusu ngazi, Ngedere hakuzijua. Amekulia kwenye mabanda ya chini, hajawahi kuona ghorofa, akawa anasimama ngazi ya kwanza anatetemeka na miguu yake mirefu. Kijana amekaa naye pale kila jioni akimwekea vipande vya kuku ngazi moja moja, na akimwambia apumue taratibu. Amefika ya tano. Ziko kumi na tatu, na ya kumi na tatu kuna geti, asijefika vyumbani.

Mama, hela ya bati nimetuma Jumanne. Mwambie fundi aanze na upande wa jikoni kabla ya vuli.